Nyumba ya wazazi: karatasi zake ziko wapi?

Jamaa nyingi zinazoishi migodini zimeacha nyumba ya wazazi Kisangani, katika komini ya Tshopo, Makiso ao kwingine. Ni nyumba ya zamani, babu aliijenga tofali kwa tofali. Ikiharibika, je, serikali inaweza kusaidia kuitengeneza?

Tunajua mfano mmoja. Tangu tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati ya mji. Nyumba za raia zaidi ya 400 zilibomolewa, hata kanisa kubwa la Notre-Dame liliharibiwa.

Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, Mahakama ya Kimataifa kule La Haye iliamuru Uganda kulipa Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita, Kisangani na pia Ituri na kwingine. Milioni 225 ni juu ya watu waliouawa na kuumizwa, 60 juu ya utajiri wa udongo na pori, na 40 tu juu ya nyumba na mali. Sababu gani kidogo hivi? Mahakama iliona kwamba juu ya mali ushuhuda uliopelekwa haukutosha.

Kwa kugawia walioumia malipo hayo, serikali ilikuwa imeanzisha mfuko Frivao mwaka 2019. Lakini hii si zawadi ya kurembesha nyumba za zamani. Ni malipo ya hasara, na hasara inaombwa ushuhuda.

Basi, wazazi na vijana, mufanye mambo matatu. Kwanza, mutafute karatasi za parseli, na kopi moja ikae mahali pengine. Pili, mupige picha za nyumba, mwaka uandikwe nyuma. Mkitengeneza kitu, mutunze fakturi. Tatu, ndugu wote wakutane na kupatana kwa maandishi ni nani atasema kwa jina la jamaa. Dada zenu wasisahauliwe: sheria ya jamaa ya 1987 inahesabu watoto wote, wa kike kama wa kiume.

Nabii Yeremia alinunua shamba wakati mji ulizungukwa na adui. Akaagiza karatasi zitiwe ndani ya chungu, zidumu. Hata matumaini yanahitaji karatasi. Kijana, ya kwenu iko katika chungu gani?