"Mambo?" ya Jumatatu asubuhi

Mei 2007, miezi miwili tu baada ya M-Pesa kuzinduliwa nchini Kenya, baadhi ya wagonjwa wa kliniki mbili za Nairobi na moja ya Kajiado walianza kupokea meseji ya neno moja kila Jumatatu asubuhi: "Mambo?" Aliye salama alijibu "Sawa". Mwenye tatizo alijibu "Shida". Walikuwa na saa 48 za kujibu. Aliyeandika shida, na hata aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki.

Teknolojia yenyewe ni hiyo tu. Hakuna programu ya kupakua. Simu ya mulika mwizi ilitosha, na asiye na simu yake aliweza kushiriki kwa simu anayotumia pamoja na wengine.

Wagonjwa hao walikuwa ndio wanaanza dawa za kufubaza VVU. Dawa hizo hazitaki mzaha: ukiruka dozi mara kwa mara, virusi hupata nafasi ya kujenga usugu. Meseji hizo zilikuwa sehemu ya utafiti ulioongozwa na daktari Mkanada Richard Lester, uliohusisha watu 538 waliogawanywa kwa bahati nasibu: 273 wakaletewa meseji, 265 wakaendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Waliosema wanameza dawa zao ipasavyo walikuwa asilimia 62 upande wa meseji na 50 upande wa pili. Ni kweli, mgonjwa akiulizwa na daktari huweza kusema lile linalompendeza daktari. Lakini damu nayo ilipimwa, na virusi vilikuwa vimefubaa kwa asilimia 57 ya kundi la meseji, dhidi ya asilimia 48.

Watafiti wa mahusiano kati ya binadamu na kompyuta hupoteza usingizi juu ya rangi ya kitufe. Hapa kazi yote ilikuwa katika kuchagua neno. "Mambo?" haitaji dawa, haitaji kliniki. Shemeji akiiokota simu mezani na kuisoma, ataona salamu kama salamu nyingine. Halafu salamu hudai jibu. Kwetu kuiacha ikining'inia ni utovu wa adabu. (Mtu wa Pwani angeguna kumwona mzee anaamkiwa "Mambo?", lakini Nairobi ni Nairobi.) Na asiyejibu hakufutwa orodhani kana kwamba hayupo. Kimya kingi kina mshindo, na utaratibu huu ulikipa kimya namba ya simu ya kupigiwa.

Utafiti mwingine, uliofanywa Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2011, uliuliza swali la kichokozi zaidi: mgonjwa akumbushwe mara ngapi? Safari hii watafiti hawakutegemea maneno ya mgonjwa. Vifuniko vya chupa za dawa vilirekodi kila mara chupa ilipofunguliwa. Katika wiki 48, asilimia 53 ya waliopata meseji mara moja kwa wiki walifikia angalau asilimia 90 ya dozi zao; kwa wasioletewa meseji, ni asilimia 40. Waliokumbushwa kila siku hawakuwazidi wasiokumbushwa kabisa. Maneno ya ziada ya kutia moyo nayo hayakuongeza kitu. Mimi sishangai. Jogoo wa jirani hukuamsha wiki ya kwanza. Mwezi wa pili humsikii.

Huko Yaoundé, Kamerun, wagonjwa 200 waligawanywa vivyo hivyo kwa bahati nasibu, na nusu wakatumiwa meseji za kuwahimiza kila wiki. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2012, hayakuonyesha tofauti ya maana. Nchi ni tofauti na kliniki ni tofauti, kwa hiyo tusikimbilie kulinganisha. Hata hivyo meseji zile zilihimiza tu. Hazikuuliza, wala hazikungoja jibu.

Basi kilichowasaidia watu wa Nairobi na Kajiado ni swali, au ni ile simu iliyofuata? Utafiti haukuvitenganisha viwili hivyo. Nikilazimishwa kuchagua, nitasema ni sauti ya mhudumu upande wa pili wa simu. Ila bila ile "Mambo?" ya Jumatatu, angejuaje, katika orodha ndefu ya namba mbele yake, aanze na ipi?