Wengu si Kiungo cha Ziada

Mtu anaweza kutolewa wengu na akaendelea kuishi, na kwa sababu hiyo wengi huuona kuwa kiungo kisicho na kazi kubwa. Dhana hiyo ni ya hatari.

Wengu, au bandama, umejificha kushoto nyuma ya mbavu za chini. Kwa mtu mzima mwenye afya una ukubwa wa ngumi na uzito wa gramu 150 hivi. Wagiriki wa kale waliuita splēn, na tabibu Galen alifundisha kwamba huvuta nyongo nyeusi inayoleta majonzi. Ndiyo maana Waingereza na Wafaransa walikuja kulitumia jina hilo kwa hasira na huzuni. Nyongo nyeusi haipo. Kazi ya kweli ya wengu ni kukagua damu.

Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi. Ndani ya wengu hulazimika kujipenyeza kwenye nyufa nyembamba mno. Iliyo changa hujikunja ikapita. Iliyozeeka imekakamaa, hukwama na kuliwa, na madini yake ya chuma huhifadhiwa kutengenezea damu mpya. Chembe yenye vimelea vya malaria nayo hukakamaa, hivyo wengu huelemewa na kuvimba. Tangu karne ya 19, huko India, madaktari walipima ukali wa malaria vijijini kwa kupapasa matumbo ya watoto.

Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, unaozipa chembe nyekundu umbo la mundu, mambo huwa magumu zaidi. Chembe zake huziba mishipa ya wengu hadi, mara nyingi kabla ya miaka 5, unasinyaa na kufa. Hapo bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo hukosa kizuizi, na ndiyo sababu mtoto huyo hupewa penisilini kila siku pamoja na chanjo. Kabla ya kufika huko, damu nyingi inaweza kunaswa ghafla ndani ya wengu, na mtoto akafa kwa saa chache tu. Nchini Jamaika wazazi walifundishwa kuupapasa wengu nyumbani, na vifo vya namna hiyo vikapungua sana.

Mzazi mwenye mtoto wa selimundu, mwombe daktari akuelekeze namna ya kuupapasa. Ukiukuta umevimba ghafla na mtoto amepauka au amelegea, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.