Darasa la afya ya akili: kwa nini mwende nyumba nzima

Hebu weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, utafute mapigo ya moyo. Ukishayapata, vuta pumzi kwa sekunde nne, kisha itoe taratibu kwa sekunde sita. Rudia mara tano au sita. Ukitulia utagundua kitu: ukivuta, mapigo yanakimbia kidogo, ukitoa, yanapunguza mwendo. Sasa mpe mwanao wa darasa la sita naye ajaribu. Huenda akaisikia vizuri kuliko wewe, maana tofauti hiyo hupungua kadiri umri unavyokwenda.

Kinachofanya kazi hapo ni neva ya vegasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni, kwenye mapafu na tumboni. Ichukulie kama breki. Unapotoa pumzi breki inakaza, unapovuta inalegea. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa hesabu yetu ya nne na sita unapumua mara sita tu, na breki inapata muda wa kutosha kushika. Hakuna uchawi wala dini ndani yake, ni mwili tu.

Lakini kama ni rahisi hivyo, kwa nini watu wanafundishwa kupumua halafu wakifika nyumbani wanagombana vilevile?

Tuseme mnakaa Maili Moja, Kibaha. Baba karudi saa tatu usiku, foleni ya Barabara ya Morogoro imemmaliza. Mama hakuuza vizuri leo. Binti wa kidato cha pili kaleta barua ya mchango wa shule. Baba anapaza sauti, na miili mitatu inamwaga adrenalini kwa wakati mmoja, hata ule wa mtoto ambaye hajasema neno. Hapo baba hakumbuki somo lolote. Binti anakumbuka, ila nani atamwambia baba mtu mzima "tulia kwanza, upumue"? Kwa adabu zetu huo ni utovu wa heshima, tena unaweza kumponza.

Ndiyo maana nasema nendeni wote. Mkikaa darasa moja mkakubaliana, mbele ya mwezeshaji na majirani, kwamba yeyote nyumbani anaweza kusema "tupumzike kidogo", neno hilo halimvunjii mtu heshima tena. Ni makubaliano ya nyumba. Kwa maoni yangu, hicho ndicho darasa la pamoja linachoongeza, zaidi ya mazoezi yenyewe.

Ushahidi upo, ingawa si wa kila kitu. Kambi ya Rhino nchini Uganda, wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini, kutoka vijiji 14, walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliopata mafunzo ya kukabili msongo walikaa vikundi vya watu 20 hadi 30, mara tano, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa, na wasimamizi hawakuwa madaktari. Miezi mitatu baadaye hali yao ilikuwa nafuu kuliko ya wenzao ambao hawakuyapata. Hao walikwenda peke yao, si kifamilia. Hapa Tanzania, mpango wa Furaha ulifikia familia zaidi ya 30,000 mwaka 2020 na 2021. Wazazi na mabinti zao walipitia vipindi 14, vikiwemo vya kudhibiti hasira na msongo, na watafiti, akiwemo Joyce Wamoyi wa NIMR Mwanza, waliripoti kwamba ukatili dhidi ya watoto ulipungua. Angalia hapa: walipima kabla na baada tu, bila kundi la kulinganisha, kwa hiyo huwezi kusema upungufu wote umetokana na darasa. Mimi naona bado inatia moyo.

Darasa la namna hii lingekaa wapi? Kibaha na Kisarawe zote zina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na vyuo hivi vimezoea watu wazima wasio na vyeti. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vimezoea pia mama kuja na mtoto wake, akalelewa palepale chuoni wakati yeye anasoma. Bibi, baba na mtoto wa miaka mitatu kuingia geti moja hakutamshangaza mtu.

Kuna nyumba ambazo ushauri huu hauzifai. Kama kuna anayepigwa, kumkalisha pamoja na anayempiga ili "wapumue" kunaweza kumzibia mdomo; huyo aanzie dawati la jinsia la polisi, na mtoto apige 116. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayewaza kujiua, apelekwe hospitali leo hii, Tumbi au ya wilaya Kisarawe. Na aliye kwenye dawa asiziache kwa kuwa amejifunza kupumua.

Wengine mnaweza kuanza kesho, dakika tano kabla ya chakula cha usiku, kila mtu na vidole vyake mkononi. Mwacheni mdogo kuliko wote ndiye ahesabu.