Smith: Jina la Wahunzi

Katika mwaka wa 1891 ofisa mmoja wa Kampuni ya Imperial British East Africa, aitwaye Eric Smith, alijenga boma katika nchi ya Wakikuyu, karibu na Kabete. Boma lile likaitwa Fort Smith. Wenyeji waliokaa kulizunguka hawakulipenda, na mara kadha wa kadha walipigana na watu waliokuwa ndani yake. Huko ndiko Waiyaki wa Hinga alikotiwa kifungoni mwaka wa 1892, kabla ya kupelekwa pwani na kufariki dunia njiani, Kibwezi. Katika wote waliolitaja jina la boma lile, pande zote mbili, yamkini ni wachache waliofahamu kwamba jina la Mwingereza yule na jina la Kikuyu Muturi ni jina moja. Maana ya yote mawili ni mhunzi, mfua chuma.

Smith ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko mengine yote katika Uingereza. Wanaoitwa hivyo katika Ufalme wa Muungano wanapita 500,000. Katika Marekani jina hili ni la kwanza pia: hesabu ya watu ya mwaka wa 2010 iliwaonyesha akina Smith 2,442,977. Australia nako ni la kwanza. Jina la kazi moja tu, kazi ya moto na nyundo, limewezaje kuenea hivyo?

Zamani Waingereza hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa jina lake moja, basi. Neno smith lilikuwako tayari katika Kiingereza cha kale, likimaanisha fundi wa chuma. Na ndugu zao wa kaskazini, waliosema lugha za jamaa moja na hiyo, walilitumia hata kwa fundi wa mbao. Wanormani walipoivamia nchi mwaka wa 1066 na kuitawala, walileta majina yao ya kuzaliwa, kama vile William, Robert na Richard. Watu wakayapenda mno. Baada ya miaka mia mbili au tatu, wanaume walio wengi katika nchi nzima waligawana majina machache, na John lilikuwa kubwa kuliko yote. Katika kijiji kimoja aliweza kuwako John sita au saba. Ilibidi watafute njia ya kuwatambua: John wa kilimani, John mwana wa Robert, John mfupi, John mhunzi. Kutoka hapo yakazaliwa majina kama Hill, Robertson, Short na Smith.

Hapa pana jambo ambalo mkulima atalipenda kulifikiri. Katika siku zile Waingereza karibu wote walikuwa wakulima, wala mahunzi hawakuwa hata mmoja katika kumi. Mbona basi akina Smith ni wengi, na jina la Farmer, ambalo leo maana yake ni mkulima, ni adimu? Sababu ni kwamba jina la kutambulisha halina kazi ikiwa kila mtu analo. Kumwita mtu “John mkulima” katika kijiji cha wakulima 30 ni sawa na kutomwita kitu. Lakini mhunzi alikuwa mmoja, au wawili, na kila kijiji kilikuwa na wake. Hakuna aliyeweza kuishi bila yeye. Ndiye aliyetengeneza ulimi wa plau, mundu, shoka, misumari na bawaba za milango, na ndiye aliyepigilia vyuma katika kwato za farasi. Kiwanda chake kilijulikana kwa moshi, na kwa mlio wa nyundo juu ya fuawe uliosikika tangu alfajiri. Kwa hiyo jina halikutoka mahali pamoja na kuenea. Lilizuka katika vijiji maelfu, kila mahali peke yake, na akina Smith wawili wakikutana leo hawana sababu ya kudhani kwamba wametoka kwa babu mmoja.

Waliolifanya jina lidumu ni makarani. Mwaka wa 1377 serikali ya Uingereza ilianza kutoza kodi ya kichwa, ikatozwa tena mwaka wa 1379, na mara ya tatu mwaka wa 1381. Katika mara mbili za kwanza mtu wa chini alilipa peni 4. Mtoza kodi hakuweza kuridhika na “John” tu, kwa kuwa John wa pili angedai kwamba amekwisha kulipa! Basi karani aliandika na kazi ya mtu au mahali pake. Mara nyingi aliandika kwa Kilatini, na mhunzi akawa Faber katika daftari ingawa majirani zake walimwita Smith. Kodi ya mwaka wa 1381, iliyopandishwa hadi peni 12, iliwachosha watu wakaasi, na kiongozi wao aliitwa Wat Tyler, jina la mwezekaji wa vigae. Hata jina Clark ni la kazi: ni karani mwenyewe.

Mwanzoni jina lilimfuata mwenye kazi. Mwana wa Smith akiwa mwoka mikate, aliweza kuitwa Baker. Lakini mashamba yalirithiwa, madeni yalirithiwa, na hati zilitaka kuonyesha kwamba huyu ni mwana wa yule. Kufikia mwaka wa 1400 hivi familia nyingi za Kiingereza zilikuwa na jina lililopita kutoka baba hadi mwana, hata kama mwana hakupata kushika nyundo. Mwaka wa 1538 makanisa yaliamriwa kuandika kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko. Ndipo jina likakaza, ingawa tahajia haikukaza: mtu mmoja huyo huyo aliweza kuandikwa Smith leo na Smyth kesho, kwa jinsi karani alivyosikia au alivyopenda.

Jirani zao Wawelsh walichelewa. Wao walihesabu ukoo kwa neno “ap”, yaani mwana wa, kama vile Wakalenjin wasemavyo “arap”. Kufanana huku ni kwa bahati tu, lakini kunapendeza. Makarani wa Kiingereza walipoyaandika majina ya Kiwelsh, ap Rhys likawa Price, na ap Howell likawa Powell.

Wahunzi wa mataifa mengine nao wameacha majina. Mjerumani ni Schmidt, Mfaransa ni Lefèvre, Mhungari ni Kovács, Mrusi ni Kuznetsov, na Mwarabu ni Haddad. Hili la mwisho si geni Lamu wala Mombasa, ambako husomwa Ratib al-Haddad, uradi wa Imamu Abdallah al-Haddad wa Tarim, aliyefariki mwaka wa 1720. Lakini heshima ya mhunzi haikuwa sawa kila mahali. Kwa Wamasai wahunzi, Ilkunono, walidharauliwa na wenye ng’ombe wala hawakuozwa binti zao, ingawa mikuki yote ilitoka mikononi mwao.

Katika Marekani jina hili lilikua kwa njia nyingine. Akina Schmidt wengi walijigeuza kuwa Smith, hasa wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, jina la Kijerumani lilipokuwa hatari kwa mwenyewe. Tena wako watu weusi, wajukuu wa Waafrika waliouzwa ng’ambo wakanyang’anywa hata majina yao. Utumwa ulipokomeshwa mwaka wa 1865, wengine walishika jina la bwana wa zamani na wengine walijichagulia. Katika hesabu ya mwaka wa 2010, katika kila akina Smith watano wa Marekani, zaidi ya mmoja alikuwa mtu mweusi. Jina alilokuwa nalo babu yake alipopandishwa merikebuni haliko katika daftari lo lote.

Kwao Uingereza, Smith limekuwa jina lisilotambulisha tena, kama John wa zamani, na familia nyingine zimeliongezea jina la pili. Mmoja wa hao alikuwa Jenerali Horace Smith-Dorrien, aliyeteuliwa mwaka wa 1915 kuja kuongoza vita dhidi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki. Alishikwa na ugonjwa wa mapafu safarini, akarudishwa kwao, na mahali pake pakachukuliwa na Jenerali Smuts.