Meli zilizofika ziwani kwa treni, na moja ya njia ilipita kwetu

Wandugu, leo nina ulizo moja: meli ya mita zaidi ya 70 inafika namna gani mu ziwa Tanganyika? Mto Lukuga unatoka ziwani na kuingia Lualaba, lakini mbele maporomoko yanafunga njia. Hakuna meli ya bahari yenye kuweza kupanda mpaka Kalemie. Basi inakuja vipande-vipande, inaungwa pale pale.

Wajerumani njo walifanya vile. Graf von Götzen, meli ya abiria na mizigo, ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa mu masanduku karibu 5,000. Ikapita bahari mpaka Dar es Salaam, halafu reli mpaka Kigoma. Mafundi watatu kutoka Ujerumani na wafanyakazi wengi, Waafrika na Wahindi, wakaiunga upya. Ikashuka majini Februari 1915, vita imekwisha kuwaka. Meli ya biashara ikawa ya kubeba askari na mizinga.

Upande wetu, stima ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ilikuwa imeharibiwa na Wajerumani tangu Agosti 1914. Waingereza wakaleta boti mbili za mota, Mimi na Toutou, kila moja na mita kama 12. Zile hazikufunguliwa, zilibebwa nzima. Treni ya kutoka Cape Town ikazifikisha Elisabethville, njo Lubumbashi yetu, mwisho wa Julai 1915. Reli ikaishia Fungurume.

Kutoka pale mpaka Sankisia ni zaidi ya kilomita 200 za milima ya Mitumba. Wenyeji wakakata miti, wakajenga madaraja. Masini za mvuke na ng'ombe wakavuta. Maji ya masini yakikosa, wanawake wa vijiji waliyabeba kwa kichwa. Kisha treni mpaka Bukama, mto mpaka Kabalo, na treni tena mpaka ziwani.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo zikakamata Kingani ya Wajerumani. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakazamisha Götzen, masini yake imepakwa grisi. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Mimi nasoma habari hii hivi: kabla ya kupiganiwa majini, ziwa lilipiganiwa mu reli na mu barabara. Mkubwa wa msafara ule, Spicer-Simson, ana vitabu vyenye jina lake. Wale walijenga madaraja, na wale mama walibeba maji, vitabu vinawaita tu "wenyeji".

Wewe unayetafuta somo la kazi yako ya mwisho pa iniversite, hili hapa. Panda gari, enda Fungurume, Sankisia, Bukama. Uliza wazee kama kuna jamaa yenye ingali inakumbuka jina moja tu. Ukilipata, liandike.