Jumla Sawa, Namba Tofauti

Mkazi wa Ndera, mjini Kigali, hutambulika kwa kitambulisho cha taifa chenye namba ya tarakimu 16. Tarakimu 1 ya mwanzo huonyesha raia. Nne zifuatazo, mwaka wa kuzaliwa. Kisha 8 ni mwanamume na 7 mwanamke. Namba ya mama raia aliyezaliwa mwaka 1980 huanza na 119807.

Anayeinakili aweza kuihakiki kwa kujumlisha tarakimu zake. Tarakimu moja ikikosewa, jumla hubadilika. Lakini mbili zikibadilishana nafasi, jumla husalia ileile: 1980 na 1908 zote hutoa 18. Kosa hilo humzeesha mama kwa miaka 72, na tofauti ya namna hiyo daima hugawanyika kwa 9.

Hivyo, mmoja asome, mwenzake afuatilie tarakimu kwa tarakimu.