Sare, Ushungi na Kiti cha Mzazi

Mimi niliyelelewa chuoni sioni uhasama baina ya sare na stara. Sare humkalisha mtoto wa tajiri na wa mvuvi dawati moja, na ushungi hauvunji usawa huo. Lakini yatupasa tujue sheria imesimama wapi.

Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu wasichana wa Kiislamu wa shule moja ya Isiolo, inayodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Barazani pakavuma kuwa hijabu imepigwa marufuku. Sivyo. Majaji walisema dai halikuletwa kwa utaratibu. Kisha wakaitaka shule ishauriane na wazazi, kanuni zake ziwafikirie wenye dini zao.

Basi shauri limerudi mkutanoni, na huko akina baba wengi hawaonekani. Binti hutakiwa achague baina ya kitabu na ushungi, na kiti cha babake ki kitupu. Twendeni, jamani. Asiyekuwapo na lake halipo.